Ufunguo wa Kabati la Bunduki Uko Kwenye Mkoba Wangu

Mpendwa Bi Ghalia,

Naomba msaada wako, na kabla sijaanza naomba usinicheke, maana najua unavyopenda kutucheka sisi tunaokuandikia, na mimi mwenyewe nimekuwa nikisoma majibu yako ndani ya basi nikienda kazini na kuwacheka wenzangu, nikisema wanawake wengine wanajitakia, na sasa zamu yangu imefika.

Mimi ni Mkenya, mama wa makamo, naishi Wembley na kazi yangu ni kutunza wazee majumbani mwao, na mume wangu Zephaniah ana bunduki. Usishtuke. Ana bunduki mbili za marisau, zile za kulengea visahani vya udongo vinavyorushwa hewani, cheti cha polisi anacho, na kila Jumamosi asubuhi anakwenda na wenzake kwenye uwanja mmoja nje ya London, huko mashambani, wanapiga visahani mpaka mabega yanawauma, halafu wanarudi kunywa chai nyumbani kwa mmoja wao, na mara nyingi huyo mmoja ni sisi.

Nilipoolewa sikuolewa na mtu wa bunduki. Ilianza baada ya ghala alilokuwa akifanya kazi kufungwa, akakaa nyumbani mwaka mzima haongei, nikirudi kazini namsalimia anaitikia tu kisha kimya, mpaka binti yetu Natasha akaniuliza, kwa Kiingereza kama kawaida yake, kama baba ni mgonjwa na sisi tunamficha. Ni Alnashir, mzee wa Mombasa mwenye duka la vyombo hapa mtaani, ndiye aliyemchukua Jumamosi moja akatazame tu, na siku hiyo Zephaniah alirudi akaongea jioni nzima, akasimama sebuleni akatuonyesha jinsi kisahani kinavyopita, mimi nilikwenda jikoni nikalia. Nilirudishiwa mume, Bi Ghalia, hilo nataka ulijue kabla hujanikemea.

Sasa hao wanaume mazungumzo yao ni bunduki tu, wanazizungumzia kama sisi tunavyozungumzia vitenge, ya nani ilitoka kwa nani, ipi ina kitako kizuri, na wanauziana na kubadilishana kila wakati, bunduki ya Ajay mfamasia inakwenda kwa Alnashir, kutoka kwa Alnashir inakwenda kwa Griffins dereva wa basi, mwaka haujaisha imerudi kwa Ajay, na kila mara polisi wanaarifiwa kama sheria inavyotaka, nadhani huko ofisini wamechoka nao. Wana desturi yao ambayo sijaiona penginepo. Anayeuza lazima aiponde bunduki yake mwenyewe, na anayenunua lazima aisifu. Niliwahi kumsikia Alnashir kwa masikio yangu akisema, "Hii inavuta kushoto, na kitako kimepata ufa, mimi ningekuwa wewe nisingeigusa," na Griffins akamjibu, "Mzee, mimi kushoto ndiko nilikokuwa natafuta." Bei haitajwi mpaka chai ya pili. Anayenunua lazima aje kuiona nyumbani kwa muuzaji na ale chakula cha nyumba hiyo, na muuzaji akishatamka mbele ya wenzake kwamba "ni yako", basi imekwisha, harudi nyuma, akirudi nyuma hao wenzake hawamgombezi, ila hakuna tena atakayempa neno la maana.

Shida yangu ni ufunguo. Sheria ya nchi hii inataka bunduki zikae ndani ya kabati la chuma lililofungwa, na ufunguo aujue mwenye cheti peke yake, mke hajui, mtoto hajui. Afisa wa polisi alipokuja kukagua aliniuliza mimi mwenyewe kama najua ufunguo unapowekwa nikamwambia sijui, na ilikuwa kweli, na Zephaniah analishika jambo hilo kama amri ya kanisa, akitaka kufungua kabati ananiomba niende sokoni, na mimi nilikuwa nakwenda hata kama sina cha kununua.

Basi kuna ndugu mmoja wa kanisani kwetu Tottenham, Samson, mjane anayeoa tena, anamwoa dada mmoja Mkongo anaitwa Reine, na hana suti. Mimi nina roho ya huruma. Kwenye kabati letu la nguo kulikuwa na suti ya kijivu ya Zephaniah, ile ya harusi yetu, ambayo tumbo lake lilishaikataa zamani, imening'inia tu ndani ya mfuko wa plastiki inachukua nafasi, nikaikunja nikampelekea Samson, sikumwambia mtu. Jumapili iliyofuata Samson akaniita pembeni akanipa ufunguo, akasema ameukuta mfuko wa ndani, upande wa moyo. Nikadhani ni wa sanduku la safari. Nikautia kwenye mkoba nikausahau.

Niliporudi nyumbani jioni hiyo nikamkuta mume wangu amepiga magoti mbele ya kabati la nguo, amezitoa nguo zote, na uso wake umebadilika rangi. Nikamuuliza anatafuta nini, akasema hatafuti kitu. Wakati wa kula akanyamaza sana, halafu akaniuliza kwa upole, "Mama Natasha, hivi kuna harusi yoyote tumealikwa?" Nikasema hapana. Hapo ndipo nilipojua ni ufunguo gani nilionao, na tonge la ugali nikalimeza bila kulitafuna.

Sasa niangalie nilivyonaswa. Yeye hawezi kuniuliza suti iko wapi kwa sababu akiuliza atakuwa ameniambia alikoficha ufunguo, na mimi siwezi kumpa ufunguo kwa sababu nikimpa nitakuwa nimejua, na kujua ndiko kulikokatazwa, naogopa atanyang'anywa cheti kwa ajili yangu, na tena sio mimi tu, ufunguo umefika Tottenham, umelala kwa Samson. Ufunguo wa pili upo, lakini aliufungia ndani ya kabati hilohilo la bunduki, kwa usalama. Wakati huohuo ameshamwambia Griffins "ni yako" kuhusu bunduki moja, mbele ya wote, na Griffins akaiuza ya kwake kwa Ajay, kwa hiyo Jumamosi anasimama uwanjani ameshika chupa ya chai wenzake wakipiga. Zephaniah amemwahirisha mara amebanwa, mara mgeni, mara mafua. Nimesikia kwa mke wa Ajay kwamba wameanza kusema Zephaniah ni mtu wa maneno mawili, na Jumamosi iliyopita hakwenda. Amekaa sebuleni. Ameanza tena kuitikia salamu na kunyamaza.

Nilifikiria kuuweka ufunguo mahali auone mwenyewe, labda nyuma ya kochi, aseme ulidondoka, lakini naogopa. Mkoba huu naenda nao kazini, narudi nao, nalala nao karibu na mto. Nifanye nini? Naomba usitaje majina yetu.

Mwenye Mkoba Mzito, Wembley

*

Mama wa mkoba,

Umeniomba nisicheke. Nilijitahidi mpaka niliposoma kuhusu ufunguo wa pili, hapo nikashindwa, wenzangu wakaja kuniangalia kutoka chumba cha pili. Majina nimeyabadilisha yote kama ulivyotaka, ingawa sijui itakufaa nini, kwani ni wanaume wangapi Wembley waliopoteza suti ya kijivu mwezi huu? Na hao mabwana wa Jumamosi nao wananisoma, hasa mvua ikinyesha. Kwa hiyo ukiyasoma haya na bado hujasema, fanya haraka kabla Alnashir hajafunua ukurasa huu.

Nakupa pole, na nasema kwa moyo. Nyumba yenye mtu aliyenyamaza naijua, hailaliki. Umeogopa kuirudia hali ile, na woga huo hauchekeshi, si kwako wala kwangu. Lakini hebu tazama mlichokifanya. Nyinyi wawili mmeishika sheria kwa bidii mpaka mmeacha kusemezana. Yeye anauliza habari za harusi, wewe unameza ugali, na bunduki zimekaa zao salama kabisa kabatini, hakuna aliyeziona. Sheria ilitaka usijue ufunguo ulipo. Haikusema kwamba ukiupata kwa bahati mbaya uutembeze ndani ya basi na uulaze karibu na mto. Kila siku unayokaa nao ndiyo unaliharibu zaidi jambo lililoanza kama ajali.

Hilo la nyuma ya kochi lifute kichwani. Unataka mumeo aishi akidhani ufunguo wa bunduki ulidondoka kutoka mfuko wa suti, auweke mahali pengine, aendelee na kufuli lilelile ambalo ufunguo wake umelala kwa watu? Wewe ni mtunzaji wa wazee, ukikuta dawa za mgonjwa zimehama chumba huzirudishi kimyakimya, unasema. Basi sema.

Utasema leo, akiwa ameketi na televisheni imezimwa. Natasha akiwepo atoke kidogo. Toa ufunguo uweke mezani, umweleze moja kwa moja, suti nilimpa Samson, ufunguo ulikuwa ndani, nimekaa nao kwa sababu niliogopa. Usianze na roho ya huruma. Usianze na tumbo lake. Halafu yeye ndiye mwenye cheti, kwa hiyo ni yeye atakayepiga simu kwa ofisi ya polisi ya leseni aseme kilichotokea, na abadilishe kufuli kabla ya jambo lingine lolote. Wakimwambia apeleke bunduki zikawekwe kwa muuzaji mwenye leseni mpaka kufuli lipatikane, azipeleke bila kunung'unika. Mimi si polisi wala si wakili, siwezi kukuahidi watamjibu nini. Ninachojua ni kwamba mtu anayejitaja mwenyewe husikilizwa tofauti na yule anayekutwa. Na afisa akija tena akakuuliza wewe, mwambie kweli kama ulivyomwambia mara ya kwanza.

Na wewe baba, kama unasoma juu ya bega la mkeo. Siku hizi vipo visanduku vidogo vya namba vya kuwekea funguo, namba unaibeba kichwani, hakuna mwanamke atakayeigawa kanisani. Nunua kimoja. Kuhusu kuufungia ufunguo wa kabati ndani ya kabati, sina la kusema, umri wangu wote sijawahi kukutana nalo.

Griffins mwachie mumeo. Ampigie mwenyewe, amweleze yote, asimfiche hata Tottenham. Watu ambao kazi yao ni kuzisifu bunduki zenye ufa watacheka mpaka chai iwamwagikie, kisha watamwita Jumamosi wamcheke tena uso kwa uso, na hilo ndilo unalolitaka, kwamba aende. Wanamwita mtu wa maneno mawili kwa kuwa hawana neno la tatu la kulisadiki. Awape.

Sasa nikukemee kidogo, maana ulilitarajia na sitaki ukose. Barua yako nzima unalia ufunguo, na suti umeipitia mbio kama mtu anayepita mbele ya nyumba ya mdai. Umeniambia imening'inia tu, inachukua nafasi. Hukumuuliza mwenyewe. Ulimpa mtu mwingine aoe nayo, na hukumuuliza.

Jiulize kwa nini mumeo aliuweka humo. Anakujua. Anajua kwamba, kama sisi wote, unapekua mifuko ya makoti kabla ya kufua, unahamisha masufuria, unapanga upya droo kila ukikasirika. Alitakiwa apate ndani ya fleti yenu kitu kimoja tu ambacho mkono wako hautakitoa nje hata siku moja. Akazunguka nyumba nzima akitafakari, akachagua suti aliyovaa siku anakuoa. Aliponyamaza pale mezani, mama, usidhani alikuwa akiuwaza ufunguo peke yake.

Usiende kumpokonya Samson, bila shaka ameshaipunguza kiuno na Reine ameshaiona, waache waoane kwa amani. Lakini mkishamaliza habari ya polisi na kufuli, muombe mumeo radhi ya suti peke yake, usiichanganye na kitu kingine. Ya ufunguo atakusamehe hapohapo, atakuwa amepumua. Ya suti huenda asikujibu upesi. Usimjazie maneno, wala usikimbilie jikoni. Kaa naye hapo mpaka aseme.

Bi Ghalia