Mkasi wa Marija

Sur, Jumamosi, Aprili 2001

Tangu asubuhi tanuri la duka langu la mikate limeshikwa na mgeni, nami nimesimama pembeni kama sina kazi! Marija, mke wa injinia mmoja wa kigeni, kesho ana Pasaka, na lazima aoke mikate mitamu ya kwao Slovenia.

Katia viini vya mayai kumi, na unga kaungoja uumuke mara tatu. Halafu akachukua mkasi.

"Weye! Unga utanywea wote!"

"Shwaya, Bi Zuwena," akaniambia kwa Kiarabu chake kidogo, yaani taratibu.

Kila donge alilikata mara tatu. Motoni likafunguka, likapanda mara mbili ya kimo chake, juu linang'aa. Subhanallah. Nilisahau kukasirika.

Miaka ishirini na mbili naoka, sikufundishwa na mtu. Kesho, kabla wafanyakazi hawajafika, nitalikata boflo moja, mkate wangu wa kila siku, kwa mkasi.