Kopo la Mama kwenye Mizani ya Dhahabu

Jumatatu, 3 Juni
Mikate imegoma tena. Trei mbili. Migumu, imepasuka juu. Nimempa jirani alishie kuku. Makopo kumi ya unga, kama Mama mkwe anavyosema, na kopo ni lake lile lile la maziwa ya unga, alilopimia miaka yote akiwaokea abiria wa mabasi kule Chimala. Nina hasira. Mama mkwe hawezi kuoka tena, macho yamefifia na mabega yamechoka. Tumemhamishia hapa kwetu Ipogolo. Jumapili ni kipaimara, usharika umeagiza mikate themanini, na wametaka ile ya Mama, si nyingine. Mimi na mdomo wangu nikaitikia. Nikishindwa, mkate wake umeishia hapo.

Jumanne, 4 Juni
Leo makopo saba. Donge limelegea, likatambaa kwenye trei. Jana jiwe, leo uji. Nimelia kidogo, halafu nikaona aibu kulilia unga.

Jumatano, 5 Juni
Baba Neema amefika likizo kutoka Makongolosi, anakonunua dhahabu kwa wachimbaji. Mizani yake haitoki begani. Nikamwomba aniazime nipimie unga. Mume wangu alicheka mpaka akakohoa. Lakini aliiweka mezani, akanionyesha jinsi ya kuirudisha sifuri kopo tupu likiwa juu yake.
Makopo yangu matatu: gramu 518, 547, 496. Kopo moja, mkono mmoja!
Akataka kuona ninavyopima. Nachota, natikisa, nagonga kopo mezani unga ushuke, kisha naongeza mpaka ufanye kilima. Ndivyo nilivyokua. Sokoni usipogonga kopo unapunjwa, kila mtu anajua. Miaka yote najiona mjanja. Kumbe jikoni ujanja wangu ndio unaoshindilia unga, na kila siku naushindilia kivyake.

Alhamisi, 6 Juni
Sijui nianzie wapi.
Asubuhi nimemkalisha Mama mbele ya mfuko wa unga, nikamwomba apime kama alivyokuwa anapima Chimala. Mimi huwa namwambia tu niachie, pumzika. Sijawahi kumtazama.
Hagongi. Kwanza anauvuruga unga kwa vidole ulegee. Anaumimina kwenye kopo taratibu, anapitisha mgongo wa kisu juu, basi. Hata haangalii. Angeangalia nini?
431. La pili 430. La tatu 432. Nikaizima mizani nikaiwasha upya, nikidhani imeharibika. 431.
Makopo kumi. Zito kuliko yote na jepesi kuliko yote yamepishana gramu tatu. Baba Neema, anayeishi kwa kupima dhahabu, alivua kofia akabaki ameishika kifuani. Mizani yenyewe ukiipumulia inacheza. Mkono wa Mama hauchezi. Na mimi nilikuwa namhurumia mwanamke huyu!
"Mbona mmenyamaza, Mama Neema?" aliuliza. "Nimekosea?"
Nikamshika mkono, una unga mpaka kwenye kiwiko. Nikamwambia hajakosea hata mara moja.

Jumamosi, 8 Juni
Kilo nne na gramu mia tatu na kumi. Ndiyo makopo kumi ya Mama. Nimepima kidogo kidogo maana mizani haibebi zaidi ya kopo moja, nikarudia hivyo kwa madonge nane. Baridi kali, madonge yalichelewa kuumuka, nikayafunika blanketi. Nilikuwa naogopa kufungua oveni.
Imepanda. Laini, rangi ile ile. Trei zote zimepanda! Mitatu imeungua ubavuni, hiyo ni haraka yangu na moto. Nilioka ya ziada.

Jumapili, 9 Juni
Mikate imeisha kanisani kabla chai haijaisha. Wazee wa Chimala waliokuja kwenye kipaimara walimfuata Mama kwenye benchi, kamwene, kamwene, wakimsalimu kwa lugha ya kwao na kumshukuru. Aliwajibu kwamba ameoka mkwe wake.
Nyumbani alikula kipande na chai. Alitafuna muda mrefu. Akasema ndio wenyewe.
Baadaye akaniuliza, hivi kopo langu lina gramu ngapi? Mia nne thelathini na moja, Mama. Maisha yake yote alikuwa hajawahi kuisikia namba hiyo. Akaniomba niitaje tena. Nikaitaja. Akairudia mwenyewe, polepole, halafu akasinzia kwenye kiti.