Kwa Baba Mkwe, Kuhusu Usaili wa Lugano

Baba,

Shikamoo. Hii ndiyo shikamoo yangu ya kwanza kwako, na nimeiandika nimeinamisha kichwa kama vile unapita njiani. Miaka yote niliyoishi nyumbani kwako nilikuamkia kwa kukupisha. Mama, mkeo, ndiye aliyenifundisha nilipoolewa tu: mke wa mwana hasemi na baba mkwe, hakutani naye uso kwa uso, na jina lake halitamki, awe hai au awe amekufa. Kwetu Nanyala mambo hayo waliyajua bibi zetu, sisi tulishayasahau. Hata hapo kwenu Ileje wengi wameyaacha. Nyumba yako iliyashika, nami nikayashika pamoja nayo, kwanza kwa woga, baadaye kwa mapenzi. Kama barua hii ni utovu wa adabu, unisamehe. Nina neno ambalo siwezi kukutumia kwa mdomo wa mtu mwingine.

Lugano, kitinda mimba wako, aliomba kazi ofisini kwetu na hakuipata. Mimi nilikuwa mmoja wa wasaili. Nyumbani wanasema nimemnyima. Nataka ulisikie kwangu mwenyewe.

Kwanza nikupe habari za nyumbani. Mama hajambo, magoti tu. Kahawa tumeichuma yote na mahindi yako ghalani. Yule mbwa wako, Polisi, bado analala chini ya kiti chako na hataki kuhamishwa. Nadhani anasubiri kutumwa. Unakumbuka ulivyokuwa ukimtuma? Ulikuwa unakaa uani na kusema kwa sauti ya kufika jikoni, "Polisi, waambie watu wa huko ndani mvua inakuja na mahindi yako nje." Nami, mgongo nimekupa, najibu, "Polisi, mwambie mwenye nyumba yameshaanuliwa." Mbwa anatutazama kwa zamu kama karani wa mahakama. Tulilea watoto kwa njia hiyo, tukagombana kwa njia hiyo, na siku niliyofiwa na baba yangu ulimwambia Polisi maneno ambayo mpaka leo nikiyakumbuka nashindwa kumaliza kula.

Nilipopata kazi ya kupokea simu za dharura ulicheka. "Polisi," ulisema, "nasikia kuna watu hapa watalipwa mshahara kwa kuongea na wasiowaona. Sisi kazi hiyo tumeifanya miaka yote bure." Sikukuambia, lakini nilikwenda kazini na maneno hayo na yakanifaa kuliko mafunzo. Mtu akipiga simu, mama ameshikwa na uchungu au mzee ameanguka, kazi yetu ni kujua haraka kuna nini na ni wapi, kisha tunamtuma dereva aliye karibu. Huko milimani hakuna namba za nyumba. Dereva anafika kijijini na jina la mwenye mji, anauliza kwa fulani ni wapi, anaonyeshwa. Kwa hiyo swali kubwa kuliko yote ni moja: nyumba ya nani?

Na hapo ndipo simu nyingine zinapokufa. Mwanamke anaeleza vizuri kabisa, mgonjwa anapumua vipi, ameanguka saa ngapi. Ukimuuliza nyumba ya nani, kimya. Mpokeaji anasema halo, halo, anadhani mtandao umekatika, anakata. Kumbe mtandao uko salama. Huyo ni mke wa mwana, na mgonjwa ni baba mkwe wake, na umemwomba kitu ambacho mdomo wake haujawahi kukifanya. Ukimbana sana atakuambia "babu wa watoto." Huko kuna babu wa watoto kila mlango.

Basi zilipotangazwa nafasi mbili, nilitunga jaribio. Mwombaji anakaa chumba kimoja na wasaili wenzangu wawili, muuguzi mkuu na afisa utumishi. Mimi nakaa chumba cha pili na kupiga simu kama mkwe wa Ileje ambaye mzee wake ameanguka. Kila nitakachoulizwa nijibu, isipokuwa jina. Afisa utumishi, ambaye ni mgeni mkoani, hakulipenda. Alisema hilo ni swali la kabila moja na litawapendelea watu wa huko. Nilijibu kwamba wanaoanguka ni wa huko pia, lakini moyoni aliniacha na wasiwasi. Niliwaambia pia kwamba mmoja wa waombaji ni wifi yangu. Tukakubaliana kwamba sitamwekea alama. Nitapiga simu tu, kama kwa wengine wote.

Waombaji walikuwa wengi na wengi walikuwa hodari. Dada mmoja wa Tunduma alinikemea: "Sasa mama, unaishi na mzee mpaka anaanguka hujui hata jina lake?" Nilicheka nimeziba mdomo. Mwingine akaniombea dua ndefu.

Kisha akaja Lugano. Baba, ungemsikia. Unajua alivyohangaika tangu amalize chuo, akiuza mitumba mpakani, akiwasalimia Wazambia "mulishani" kuanzia asubuhi mpaka koo linakauka. Kazi hii aliitaka kwa moyo wote. Alinisalimia kwa upole, akanituliza, akauliza kama mzee anapumua, akanielekeza nimlaze ubavu. Nilijivuna. Nikajisemea, huyu ni damu ya nyumba yetu. Halafu akauliza, "Mama, nyumba ya nani?"

Nikanyamaza.

"Mama? Jina la mzee ni nani?"

Jina la kubuni lilikuwa mdomoni mwangu, Baba. Juma tu, au Petro. Hata kukohoa kungetosha ajue bado nipo. Nilisikia pumzi yake kwenye simu, pumzi ya mtoto niliyemsuka nywele akienda shule ya msingi. Sikukohoa. Akasema, "Halo? Halo? Mtandao unasumbua. Tafadhali piga tena." Akakata.

Binti yako, Baba. Amekulia kwenye kile kimya kuliko mtu yeyote. Lakini alikulia upande wa wanaolitaja jina, anaita "baba" anaitikiwa, na kimya changu kwake kilikuwa kama ukuta wa nyumba. Nani huuliza kwa nini ukuta hausemi?

Baada yake aliingia Yohana, mwanamume wa Mkwajuni aliyekuwa akihudumu kwenye zahanati karibu na machimbo. Kwenye kompyuta anaandika kwa vidole viwili, taratibu, mpaka unatamani kumsaidia. Habari za wakwe wa Ileje hazijui hata kidogo. Nilipoulizwa jina nikanyamaza kama kawaida, naye akanyamaza pia. Kisha akasema, "Sawa mama, bado nakusikia upo. Kama hilo ni gumu, tuliache. Ukisimama mlangoni unaona nini? Kuna kanisa? Kuna mashine ya kusaga? Jirani yako anaitwa nani?" Jina la jirani nililitaja mara moja. Nyumba ikapatikana. Afisa utumishi aliweka kalamu chini na hakurudia habari za kabila.

Nafasi moja akapewa Yohana, ya pili akapewa mama mmoja wa Mlowo. Lugano alikuwa wa tatu.

Nyumbani kulikuwa moto. Ipyana, mwanao, hakunigombeza. Alisema tu, akiwa anavua viatu, "Ungesema hata Juma." Nilimjibu kwamba kwenye simu ya kweli hakuna atakayesema Juma. Akaitikia kwa kichwa, lakini alikula peke yake. Mama alinipigia: "Mwanangu, damu yako si ndiyo hiyo?" Lugano mwenyewe alikuja mpaka mlangoni, akakataa kuingia. "Ulinyamaza makusudi, wifi. Kumbe unaweza kuigiza." Tangu hapo nikimwita haitikii. Na mimi nilianza kujiuliza. Usiniulize kama nilitenda haki, hilo nalijua. Nilijiuliza kama haki ilikuwa na ulazima wa kupita mdomoni mwangu. Nilitamani sana uwepo uani, umwambie Polisi unaonaje.

Juzi Mama alitutuma Mlowo, mimi na Lugano, kwa fundi wa misalaba na marumaru, tukujengee kaburi kabla ya mvua. Nadhani alifanya makusudi. Tulisafiri kiti kimoja bila neno. Fundi alizima mashine, akachukua kipande cha karatasi, akanigeukia mimi kwa kuwa ndiye mkubwa. "Marehemu anaitwa nani, mama?"

Baba, sikuwa nimejiandaa. Nilikuwa nimewaza rangi, urefu wa msalaba, hata mstari wa Biblia. Hilo sikuliwaza. Fundi akadhani masikio yangu bado yana kelele za mashine, akauliza tena kwa nguvu. Wateja wengine wakageuka. Niliangalia unga wa marumaru chini ya viatu vyangu. Nilitaka kusema, na hakuna kilichotoka.

Lugano alinitazama. Alinitazama muda mrefu, midomo yangu, mikono yangu ilivyoshika kanga. Kisha akasogea mbele. "Fundi, huyo usimuulize jina. Muulize alizaliwa kijiji gani, muulize ana wajukuu wangapi, atakujibu. Jina niulize mimi."

Akalitaja. Lote, na la ukoo wako, kwa sauti ya nyumbani, herufi kwa herufi ili fundi asikosee. Nilisimama pale nikilia kwa jinsi lilivyo zuri.

Kwenye gari la kurudi aliniegemea begani, jambo ambalo alikuwa hajalifanya tangu tulipokuzika. Tulipokaribia kushuka ndipo akasema, "Wifi, siku ile hukuwa unaigiza."

Pumzika, Baba. Mama nitamtunza, na jina lako nitaendelea kulinyamazia, si kwa woga. Kuhusu Lugano nakuahidi hivi: nafasi zikitangazwa tena nitamwambia aombe, na swali litakuwa jingine, kwa sababu hili ameshalijibu.

Ni mimi wa jikoni,
Mke wa Ipyana