Siku Moja ya Baba

Kwa kaka yangu mpendwa Gaspar,

Pokea salamu nyingi kutoka nyumbani. Natumaini barua hii itakukuta mzima huko Providence, na kwamba baridi haikutoi damu puani kama mwaka jana. Sisi tunapumua. Mahindi yamefika magotini. Baba bado hainuki kitandani, ila ulimi wake mzima kabisa, anatugombeza sote. Nakuandikia kwa sababu simu zako huzisikiliza yeye kwanza, na haya sitaki yamfikie.

Unaijua Nane B'atz', sikukuu ya wahesabu siku wa kalenda ya wazee, kama Baba. Kwa miaka arobaini Baba hakuikosa pale kwenye magofu ya Q'umarkaj. Safari hii miguu imekataa, akanituma mimi. Alinifungia ubani, mishumaa na sukari vya sadaka, akasema niende peke yangu, nisipige soga njiani, na nikifika niisalimie siku kwa kuitaja jina kabla sijaomba lolote. Nilipouliza kama ana hakika ni kesho, alinitazama kana kwamba nimemtukana. Unamjua: kalenda za kuchapwa anaziita karatasi za kufungia sabuni. Hesabu yote, kila siku na jina lake, iko kichwani mwake.

Nilitoka alfajiri na ukungu. Njia ya misonobari imechimbwa na mvua, ikabidi nivue viatu. Mtoni nilimkuta Mama Micaela anafua. Akanipigia kelele, "We Lalia, unaenda kufagia? Wenzako wameshakunja mikeka!" Nikacheka, maana yule mwanamke haachi utani hata msibani. Nikapanda mlima.

Kaka, uwanja ulikuwa mtupu. Majivu yamepoa, maua yamenyauka, mbwa wawili wanalamba sukari kwenye mawe. Mlinzi, mzee Hilario, alisema jana hapakuwa na pa kutia mguu, na watu walimwulizia sana Baba. Nilibishana naye mpaka nikamwita mlevi. Hakukasirika. Alinihesabia kwa vidole, polepole, na sikuona alipokosea. Nilitaka kuuwasha ubani hivyo hivyo, lakini lazima uitaje siku. Nilikuwa na majina mawili mdomoni, sikuthubutu kutamka hata moja. Nikakaa juu ya jiwe nikalia, kisha nikarudi na mzigo wote.

Baba aliuliza kama watu walikuwa wengi. Nikasema walijaa. Akauliza kama walimkumbuka, nikasema sana, na hilo angalau lilikuwa kweli. Alilia kwa furaha.

Sasa nikuambie. Baba hakukosea. Ni mimi. Ile homa ya Oktoba, alipopoteza fahamu, alilala siku tatu. Alipozinduka, kwanza kabisa aliuliza amelala siku ngapi. Alikuwa anatetemeka, nikamwonea huruma, nikasema mbili. Nilidhani nampunguzia hofu. Haikunijia akilini kwamba anauliza ili aendelee kuhesabu. Tangu hapo hesabu yake iko nyuma siku moja, na watu wanakuja kama kawaida kumwulizia siku njema. Amepanga harusi mbili. Mtoto wa Bartola amempa siku ya kuzaliwa isiyo yake, na mama yake anamlea kwa tabia ya siku hiyo. Nikimwambia ukweli, nitakuwa nimemnyang'anya kitu pekee kilichombakia. Nisipomwambia, nitawatazama majirani wakiondoka na siku zisizo zao, wakinishukuru mlangoni. Naogopa, Gaspar.

Na jana aliniita, akaniwekea mapajani ule mfuko wake wa mbegu nyekundu za kuhesabia siku. Alisema amechoka, nawe uko mbali, basi nihesabu mimi. Akasema nisiogope, hakuna ugumu wowote: nianzie tu pale alipoishia yeye.

Niambie la kufanya, kaka. Msalimie wifi, wabusu watoto. Baba anakuombea usiku na mchana, na anasema ununue koti zito.

Mimi mdogo wako,
Eulalia

Baba ameagiza niandike na jina la siku hapa chini, kama anavyotaka kwenye kila barua. Nimepaacha wazi.