Basi Likituacha, Lituache

Mjukuu wangu Subira,

Sasa hivi Neema amenipokonya kijiko, amekimbilia dirishani kumlisha njiwa uji. Kioo chote uji! Huku ughaibuni, Barking, hatujambo. Na usicheke nikikuita mjukuu. Mdogo wake bibi yako ni bibi yako, hata kama tumepishana miaka michache.

Umeniuliza mwanangu atajifunza wapi kupenda viumbe kwenye maghorofa haya. Umenikumbusha utoto wangu, mama alivyokuwa akinipeleka kuwinga ndege wasile mpunga wetu. Siku moja nilimwona mnana akifuma kiota kwenye matete, nikasahau kabisa kupiga kelele. Mama akatokea. Nikajua leo nachapwa. Akachuchumaa karibu yangu, akanong'ona, "Hebu mwache kwanza afunge hilo fundo. Halafu tumfukuze, mwizi mkubwa huyu!" Na mpunga ule ndio ulikuwa chakula chetu cha mwaka mzima.

Basi na mimi nimeamua. Kila asubuhi tukienda chekechea tunasimama kuangalia kitu, na basi likituacha, lituache. Jana ilikuwa buibui kwenye uzio. Nilipomvuta mkono twende, Neema, ambaye kila siku hunijibu Kiingereza, akanigeukia: "Mama, ngoja bwana!" Nikangoja.

Haya, mume wangu, babu yako huyo, ananiita mlangoni: "Mama Neema, kuna mbweha kwenye mapipa ya taka! Mlete mtoto upesi!" Nitakuja kumalizia, nilitaka tu kukuambia kwamba...