Kijani Kwenye Kopo la Buluu

4 Machi

Mke mwenzangu,

Hivi adabu umeitupa wapi? Unanirudishia vibanio kumi na viwili kwenye mfuko wa plastiki kama samaki waliooza, na kikaratasi juu yake: "Bibi, wateja wamekataa, buluu imeingia kijani." Huko saluni ndiko mnakofundishwa kusema na wakubwa hivyo? Mimi nashona shanga kwenye vibanio vya nywele tangu mama yako hajaota meno. Hakuna shanga ya kijani iliyoingia kwenye buluu. Macho yako ndiyo yameharibiwa na taa za huko.

U mzima lakini? Unakula? Sisi wazima. Mama yako hajambo, anapumzika tu. Simu yangu imetumbukia kwenye ndoo ya kufulia, ndiyo maana nahangaika na kalamu. Vibanio nakurudishia. Tafuta wateja wenye macho.

Ni mimi,
Bibi yako

19 Machi

Mke mwenzangu mkubwa,

Shikamoo. Natumaini magoti yamepunguza kukusumbua. Mimi mzima, mtihani wa ususi ni mwezi wa tano. Nisamehe kile kikaratasi, nilikiandika mteja ana povu kichwani ananisubiri.

Lakini bibi, vibanio nimevitoa mlangoni nikavitazama juani. Kila kimoja kina kijani katikati ya buluu. Mama ndiye anayechambua shanga, kila rangi na kopo lake, na hawezi kukosea hivyo hata akiwa anasinzia. Nikageuza upande wa nyuma. Ncha za nyuzi zote zimechomwa kwa kiberiti. Hiyo ni kazi yako. Mama hukata uzi kwa meno, nawe humgombeza kila siku. Safari hii hakuna hata uzi mmoja alioukata yeye.

Simu yake inaita tu. Na chini ya barua yako hakuweka hata salamu.

Bibi, mama ana nini?

Mjukuu wako

27 Aprili

Mjukuu wangu,

Hali yako sikuulizi, najua itakavyokuwa ukimaliza kusoma hapa. Kaa chini kwanza.

Mama yako hatunaye. Tumemzika Jumatano.

Alipooza upande wa kulia tangu Januari, mkono na mguu. Akaniapisha usijue mpaka umalize mtihani. Nilimwambia ni ujinga, lakini akishashika neno haliachii, na unajua alikorithi hayo. Nikawa nachambua shanga peke yangu. Kwa macho niliyobaki nayo, kijani na buluu ni giza moja. Sikutaka kusema. Ndiyo, nilikutukana bure.

Barua yako nilimsomea herufi kwa herufi, nusu siku ikaisha. Nilipofika kwenye meno akacheka kwa upande mmoja wa mdomo. Akasema, "Si nilikwambia, mama, huyo atajua."

Nikamuuliza kama tukuite. Akasema, "Mwache afanye mtihani wake. Nipe makopo."

Kuanzia hapo akawa anachambua kwa mkono wa kushoto, shanga moja moja, sinia limewekwa kifuani. Alikuwa anakushonea kibanio cha kuvaa siku ya kupokea cheti. Mimi nashika kibanio, yeye anapitisha sindano. Ikianguka ananilaumu mimi, eti natetemeka. Zimekamilika safu nne. Ya tano imeishia katikati na sindano bado inaning'inia.

Jirani alinipa simu yake nikuite mazishini. Niliishika mkononi mpaka ikazimika. Sikuweza. Ukitaka kunichukia una haki, lakini utanichukia ukiwa hapa ndani, siyo kwa mbali.

Kibanio kiko juu ya kabati, nimekifunika kitambaa. Sijakigusa. Nikikigusa nitatia kijani.

Sasa sikiliza. Mtihani ufanye, aliutaka yeye. Ukitoka hapo usipitie saluni, panda gari uje. Usinililie mlangoni. Nawa mikono, kaa kwenye kiti chake, umalize ile safu. Na uzi usiuchome. Ukate kwa meno.

Bibi yako