Siku ya Majina Kambini Paje

Jang'ombe, Unguja
Jumapili asubuhi

Mama yangu,

Shikamoo mama. Pokea kwanza shikamoo yako, kisha mwambie mdogo wangu Khamis apunguze sauti, maana najua ndiye anayekusomea. Na kama jua limefika utosini, aikunje barua muimalizie baada ya alasiri. Sifanyi mzaha. Ndani ya bahasha kuna karatasi ndogo nyengine, nimeikunja na kuishona kwa uzi mweusi. Hiyo asiifungue. Nitaeleza mbele, humu humu baruani.

Goti lako vipi? Na yule mbuzi mwekundu keshazaa? Mimi mwili mzima, namshukuru Mola. Hapa kwa shangazi tunakula, ijapokuwa foleni ya mchele siku hizi inaanza watu hawajaswali alfajiri, na shangazi akirudi mikono mitupu basi ghadhabu zote ni zetu.

Kilichonikawiza kuandika ni kambi. Likizo hii walimu sita tuliteuliwa kuwapeleka watoto wa skuli Paje, huko mashariki ya kisiwa, wiki mbili. Tulipakiwa kwenye lori pamoja na masufuria na magunia ya muhogo, tukalala katika skuli ya kijiji, na watoto wa Paje wenyewe wakawa wanakuja asubuhi kujiunga. Mkuu wa kambi alikuwa Mwalimu Haji, mtu ambaye suruali yake ina mstari wa pasi hata kule kwenye mchanga. Yeye alitaka kila siku iwe na jina lake na shughuli yake. Siku ya Usafi tulizoa taka kijiji kizima. Siku ya Ngalawa watoto walitengeneza vingalawa vya makumbi wakavishindanisha kwenye vidimbwi. Siku ya Kinyume watoto wakawa walimu, wakatukagua kucha, mimi nikaonekana mchafu nikaimbishwa mbele ya wote. Nilicheka mama, miezi mingi sijacheka vile.

Kila mwalimu alitakiwa abuni siku yake. Mimi na kiherehere changu unachokijua nikabuni Siku ya Majina. Kila mtoto achague jina jipya, aliandike kwenye karatasi, alibandike kifuani kwa pini mpaka magharibi. Atakayemwita mwenziwe kwa jina la zamani atoe wimbo. Mwalimu Haji alipenda sana. Alisema watoto wa baada ya Mapinduzi wajue kuwa mtu anaweza kujiita atakavyo.

Sasa palikuwa na mtoto wa kike wa Paje, miaka minane hivi, mwembamba, jina lake Mwanajaa. Watoto wa mjini walimcheka tangu siku ya kwanza, mwana wa jaani, mwana wa takataka. Nilikuwa nikiwagombeza, lakini nikuambie kweli, jina lile lilinichoma mimi kuliko yeye. Unajua kwa nini. Nililikumbuka jina langu la nyumbani, lile nililolililia siku ya kuanza skuli mpaka mkaniandikisha jengine. Nikamwonea huruma, na ndani ya huruma ile mlikuwa na haya zangu mwenyewe.

Siku ilipofika wavulana wakawa Rubani na Daktari, mmoja akajiita Meli. Mwanajaa akakaa na karatasi yake tupu.

"Sijui jina zuri, mwalimu," akasema.

"Basi chukua langu," nikamwambia. Nikaliandika jina langu la skuli kwa herufi kubwa, nikambandika.

"Na wewe utachukua langu?"

"Mie mwalimu, sichezi."

Akanitazama. "Sasa langu nnaliacha wapi?"

Nikacheka, nikaendelea na mtoto mwengine. Mama, kicheko kile kinanirudia mpaka leo.

Saa sita mchana niliwapanga uwanjani niwaite kwa majina mapya. Nilipofika kwake nikaliita jina langu mwenyewe. "Abee," akajibu kwa sauti ndogo. Watoto wakacheka. Kabla sijaita la pili, jina lile likaitwa tena. Lilitoka upande wa pwani, pale wanawake wa Paje wanapofukia makumbi ya nazi mchangani na kuyafunika kwa mawe, mpaka yaoze wapate kusokota kamba. Maji yalikuwa yametoka, hapakuwa na mtu wala mbwa. Na sauti iliyoita ilikuwa yangu mimi. Mdomo wangu ulikuwa umefumba, mama.

"Abee," mtoto akaitika tena, akageuka kutaka kwenda. Nikamshika mkono. Watoto walidhani mchezo, wakanipigia makofi.

Magharibi nilikusanya karatasi zote nikazichoma jikoni. Ya kwake haikuwemo, akasema imepotea. Kesho yake nikamwita Mwanajaa, hakugeuka. Nikamwita mara tatu. Mwenzake alipomgusa bega, Mwanajaa akasema, "Huyo nani?" Lakini ilipofika saa sita aliinuka peke yake, uji wake haujaguswa, akasema abee, akashika njia ya pwani. Tukamrudisha. Siku ya pili yake akafika mbali zaidi. Mwalimu Haji akasema ni jua la kaskazi, akampa kidonge na kumlaza kivulini. Nilitaka sana kumwamini.

Siku ya tatu tulikuwa na Siku ya Michezo, watoto wanakimbia na magunia, nikapitiwa. Nilipomkumbuka nikatoka mbio bila viatu. Nikamkuta kwenye mashimo ya makumbi, ameshayatoa mawe ya shimo moja, ameingia mpaka kiunoni, anajifukia mchanga kwa mikono yake, na maji yanarudi kwa kasi. Nilimvuta. Jua lilikuwa kali la kuunguza, na mkono wake ulikuwa baridi. Niliogopa mama, sijapata kuogopa vile. Nilijua ni mimi niliyemfikisha pale.

Nilimpeleka kwa bibi yake, Bi Mize, msokota kamba. Hakupiga kelele. Alimfunika mtoto kanga, akaniuliza, "Weye umemwitaje mjukuu wangu?"

Nikamweleza.

"Mamake alizaa watatu mbele ya huyu," akasema. "Wote nimewazika. Huyu alipotoka tu nilimpeleka jaani, nikamlaza juu ya majivu, kisha nikamwokota kama kitu kilichotupwa. Kinachochukua watoto hakitaki takataka, kilimpita. Miaka minane kinampita. Wewe umemtoa jaani ukamvika jina la watu, na la kwake hukulipokea. Sasa kinamuona."

"Nifanye nini, bibi?"

"Jina ni lako. Kesho likiitwa, itika wewe."

Mama, ulinifunza toka mdogo kuwa sauti ya mchana mtupu isiyo na mtu haiitikiwi. Usiku kucha niliwaza kupanda lori nirudi mjini. Lakini mtoto alikuwa hata maji hayapiti tena kooni, na Bi Mize hakunishika nguo, hakunilaumu, alinitazama tu. Nikaenda.

Tulisimama kwenye mashimo, mimi na Bi Mize. Nilijitayarisha kuisikia sauti yangu. Haikuja hiyo. Ilikuja yako. Iliniita vile unavyoniita ukiwa jikoni na mikono ina unga, ukilivuta jina mwishoni, na kale kakikohozi kako baada yake. Sikuwa na haja ya ushujaa wowote, mama. Nilisema, "Abee mama," kabla sijajijua, na machozi yalikuwa yananitoka kwa hamu ya kukuona.

"Basi," akasema Bi Mize. "Kishamjua mwenye jina. Twende zetu, usitazame nyuma."

Tuliporudi Mwanajaa alikuwa amekaa kitako anakula muhogo wa nazi kwa mikono miwili. Nikamwita kwa jina lake. "Abee," akasema, mdomo umejaa. Siku ya kuondoka alinipa ile karatasi. Alikuwa ameipindia kwenye upindo wa kanga yake siku zote zile. Ndiyo hiyo iliyoshonwa kwa uzi. Mpe bibi mkunga aliyekuzalisha uliponizaa, aizike jaani, pale pale aliponilaza mimi siku ile, baada ya kuzikwa kaka zangu wawili. Ndiyo, najua. Shangazi kanihadithia yote nilipomuuliza.

Tangu nirudi hapa Jang'ombe, kila saa sita naisikia sauti yako. Jumatatu ilikuwa uchochoroni, juzi uani, jana nyuma ya mlango wa chumba changu. Shangazi hasikii kitu. Hujapata kuniita kwa upole kama unavyoniita sasa, na hilo ndilo linalonitisha zaidi.

Basi nakuomba jambo moja. Jina langu la skuli usilitaje tena, wewe wala mtu yeyote hapo nyumbani, ndiyo maana humu sikuliandika. Niiteni lile la kwanza, la kile wanachotupiwa kuku, lile nililolionea haya. Meli ya mwisho wa mwezi nitapanda, nimeshaomba ruhusa. Ukiniona gatini nashuka, niite kwa hilo, kwa sauti, mbele ya watu wote, wacheke wanaocheka. Na nikisikia sauti yako inaniita jengine, nitajua si wewe mama, na nitajitahidi nisiitike.

Nisalimie baba mdogo mpandaji mikarafuu, mke wake, na majirani wa kisimani. Khamis mwambie namletea kalamu ya wino, na asiione ajabu nikimkumbatia sana. Bibi mkunga mbusu mikono kwa niaba yangu.

Ni mimi mwanao, niliyeokotwa jaani,

Wishwa